UTUMISHI KWA WOTE, AU KWA WENYEWE?

Wahenga walinena kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tumezipamba insha zetu kwa methali hii tangu shule ya msingi, na mwalimu huitilia vema bila kuuliza kama ni kweli. Mwaka huu nimeamua kuuliza mwenyewe. Msumeno huo nimeuona kwa macho yangu mawili, na ule niliouona ulikata mpapai ukauzunguka mvule.

Kaulimbiu ya polisi wetu wa Kenya ni "Utumishi kwa Wote". Ni maneno matatu tu, tena ya Kiswahili sanifu, ambayo hata mwalimu wetu wa sarufi hawezi kuyatoa kosa. Lakini huko mtaani kuna msemo mwingine ambao haukuandikwa kwenye nembo yoyote, na kila mtu anaujua: "Nchi hii ina wenyewe." Semi hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Ama utumishi ni kwa wote, ama ni kwa wenyewe. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo hilo, na mwisho nitawaomba msamaha baadhi yenu. Sababu mtaiona.

Kabla sijaenda mbali, niseme kwamba siandiki haya ili kuwachongea askari. Jirani yetu mmoja ni askari, na mvua ikinyesha usiku yeye ndiye huja kutusaidia kuzibua mtaro. Ninachokisema ni tabia, wala si mtu.

Ilikuwa likizo ya Aprili, siku ya Jumamosi, mwendo wa saa mbili usiku. Mama alinituma dukani kununua unga na sukari. Nje kulikuwa na kibaridi, nikajitupia sweta ya shule, ile yenye nembo kifuani. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, akasema atanisindikiza. Binamu ni mtu wa mjengo. Alikuwa ametoka kazini jioni hiyo na vumbi la saruji lilikuwa bado limemganda kwenye suruali. Nilimwambia aoge kwanza, akacheka akasema, "Twende bana, duka litafungwa. Saruji hainuki."

Hatukuwa tumefika dukani karandinga ilipofunga breki mbele yetu. Lahaula! Kufumba na kufumbua askari walikuwa wamesharuka chini. "Kaa chini! Nyote chini!" Tukaketi kwenye vumbi. Tulikuwa watu saba: mimi na binamu, muuza mayai ya kuchemsha na ndoo yake, vijana wawili waliotoka kutazama mpira, mzee mmoja aliyekuwa amelewa kidogo, na kijana mmoja aliyekuwa ameegemea gari jeupe, mkono mmoja umeshika chupa ya bia na wa pili umeshika funguo za gari. Ikiwa palikuwa na mtu aliyekuwa akivunja sheria waziwazi usiku ule, alikuwa ni huyo wa chupa na funguo.

Askari hawakutuuliza tumefanya nini. Walituuliza sisi ni akina nani.

Yule wa gari jeupe hakuketi. Alitoa simu, akasema maneno machache, kisha akamnyoshea mkubwa wa doria. Sisi tuliokuwa chini tulisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, mzee. Hapana, mzee. Ni vijana tu tunatoa barabarani, mzee. Haya, usiku mwema, mzee." Simu ile ilirudishwa kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia mkwe sahani. "Kijana, enda nyumbani," akaambiwa, "na uendeshe polepole." Akaingia ndani ya gari akaondoka. Hata chupa hakunyang'anywa.

Kisha tochi ikanimulika mimi. Ikapanda kutoka miguuni hadi kifuani, ikasimama kwenye nembo.

"Wewe ni wa shule ile?"

"Ndiyo, afande."

"Form ngapi?"

"Kidato cha tatu, afande."

"Simama. Enda usome. Usiwe kama hawa."

Nilisema, "Afande, huyu ni binamu yangu, tumetumwa na mama." Akanijibu, "Nimesema enda!" Nami nikaenda. Msomaji, hapo ndipo roho yangu inaponiuma mpaka leo. Mimi sikuachwa kwa sababu sikuwa na hatia, maana binamu naye hakuwa nayo. Niliokolewa na sweta. Kijana wa gari jeupe aliokolewa na simu. Binamu alikuwa na vumbi la saruji, na vumbi la saruji halijui kumwokoa mtu.

Mama na shangazi walikwenda kituoni usiku uo huo. Wakaambiwa, "Mama, haya mambo tunaweza kuyamaliza hapa hapa." Kuyamaliza maana yake ilikuwa shilingi 3,000. Shangazi alikuwa na 800. Muuza mayai, nasikia, alitoka usiku wa manane. Ndoo yake ilirudi tupu. Binamu alilala ndani Jumamosi, akalala ndani Jumapili, akafikishwa mahakamani Jumatatu kwa kosa la kulewa na kufanya fujo. Yeye ambaye hajawahi kuonja hata busaa! Lakini wenzake wa seli walikuwa wamemshauri: ukikana, kesi itaahirishwa na utarudi ndani, ukikubali, utalipa faini uende zako. Akakubali kosa ambalo hakulifanya. Faini ilikuwa shilingi 500.

Hebu tazama hesabu hiyo, msomaji. Mahakama ilitaka 500. Kituo kilikuwa kimetaka 3,000. Na Jumanne binamu aliporudi kwenye mjengo, msimamizi alikuwa ameshamchukua mtu mwingine. Amekaa bila kibarua wiki tano.

Nilipofungua shule nilikwenda maktabani nikaitafuta Katiba. Wengi wetu huwa tunaikariri kwa ajili ya mtihani wa historia na kuisahau siku inayofuata. Katiba yetu ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, na kifungu cha 27 kinasema kwamba kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 49 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Tena kinasema kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6, si la kumweka mtu rumande. Na dhamana ya polisi haina malipo hata senti moja. Mtu akitakiwa kuweka pesa taslimu, basi apewe risiti. Shangazi hakuyajua haya. Mimi mwenyewe sikuyajua, na nilikuwa nimevaa sweta ya shule!

Kifungu icho hicho kinasema mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama imefungwa, basi itangojewa siku ya kazi inayofuata. Sasa elewa kwa nini msako wa Ijumaa na Jumamosi ndio unaoogopwa mitaani. Anayekamatwa Jumanne atamwona hakimu kesho yake. Anayekamatwa Jumamosi jioni ana usiku mbili mbele yake, na katika usiku hizo mbili kila mlango unaofunguka unafunguliwa kwa simu au kwa noti. Asiye na simu ya mkubwa wala noti ndiye anayebaki kumngoja hakimu. Kwa hivyo ukiwatazama washtakiwa Jumatatu asubuhi utadhani watu wa mjengo na wachuuzi ndio wahalifu wa mji huu. Kumbe unaowaona ni wale waliobaki kwenye chekecheo.

Watu wengi wakisikia "ufisadi wa polisi" huwaza hongo tu, kitu kidogo, chai. Mimi naona upendeleo ni mpana kuliko hongo. Una milango mitatu. Mlango wa kwanza ni mahali. Karandinga huja kwenye mitaa yetu yenye taa moja ya barabarani. Ni nadra kuiona ikisubiri nje ya vilabu vya wakubwa, ingawa huko pia watu hulewa, tena hutoka wakiendesha magari. Mlango wa pili ni uso. Kati ya wale waliokamatwa, wapo wanaoulizwa "umefanya nini?" na wapo wanaoulizwa "wewe ni mtoto wa nani?" Mlango wa tatu ndio wa noti, na huo ni wa wale walioshindwa kupita ile miwili ya kwanza. Hongo, kwa maana hiyo, ni kodi anayotozwa mtu asiyejulikana.

Barabarani mambo ni yale yale. Waliosafiri nami kwa matatu wakati wa kufunga shule wanajua. Gari la abiria 14 linabeba 18, makanga ananyosha mkono dirishani, mkono wa askari unaupokea, na safari inaendelea. Kisha gari la nyuma, ambalo dereva wake hakunyosha mkono, linasimamishwa nusu saa likitafutiwa kosa mpaka kwenye taa ya nambari. Na makanga mwenyewe atakwambia kwa fahari, "Hii gari haiguswi, ni ya mkubwa." Kama ni kweli au ni majigambo sijui, lakini abiria wote hucheka kama watu wanaosikia jambo la kawaida.

Na pesa zile haziishii mkononi mwa yule aliyezipokea. Mwishoni mwa mwaka wa 2013 Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilianza kuwapiga msasa maafisa mbele ya umma. Taarifa zao za M-Pesa zilikaguliwa, na ikaonekana kwamba kulikuwa na askari wadogo wa trafiki waliokuwa wakiwatumia wakubwa wao pesa. Wengine walishindwa kueleza zilitoka wapi. Kwa hiyo askari anayesimama juani na mkono wazi naye anangojewa na mkono mwingine ofisini. Hilo halimsafishi, lakini linatuonyesha kwamba samaki huyu hakuanzia kuoza mkiani.

Tabia hii ina mizizi mirefu. Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wenyeji, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kutembea na kipande, hati yenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mzungu hakuvaa kikebe. Askari akikutana na watu watatu njiani, alijua kabla ya kufungua kinywa ni nani wa kusimamishwa. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini mpaka mwaka wa 1947 ndipo mfumo ule ulipoondolewa. Uhuru ukaja 1963. Sheria ya Uzururaji, iliyomfanya mtu asiye na kazi wala makao kuwa mhalifu, ikafutwa mwaka wa 1997. Vikebe vilivuliwa shingoni zamani, lakini nahofia lile jicho la kukitafuta kikebe halikuvuliwa. Siku hizi linakitafuta kwenye viatu, kwenye lafudhi, na kwenye vumbi la suruali.

Tuliona jambo hili wakati wa korona pia. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, na jioni hiyo hiyo, hata kabla ya saa moja haijagonga, wasafiri waliokuwa wakingoja feri kule Likoni walipigwa na kutupiwa gesi ya kutoa machozi. Walikuwa watu wanaorudi nyumbani kutoka kazini. Huku ni hivyo, na miezi michache baadaye wanasiasa walikuwa wakihutubia umati wa watu waliobanana kama dagaa, na askari wakiwalinda. Ni kweli kwamba mwezi wa Julai mwaka huo seneta wa Nairobi wa wakati ule alikamatwa kwa kuvunja kafyu, akakiri kosa na kutozwa faini ya shilingi 15,000. Basi inawezekana! Lakini habari ile iligonga vichwa vya magazeti kwa nini? Kwa sababu kila mtu alishangaa. Nchi ambayo sheria ikimshika mkubwa ni habari, na ikimshika mdogo si habari, nchi hiyo tayari imekubali kwamba ina wenyewe.

Naam, najua kuna wenzangu wanaosoma haya huku wakitikisa kichwa. Watasema, "Askari naye ni binadamu. Mshahara mdogo, nyumba mbovu." Hilo nakubali. Jopokazi la mageuzi ya polisi lililoongozwa na Jaji Philip Ransley mwaka wa 2009 lilieleza hali mbaya ya makazi ya askari, na pakaonekana kwamba familia zaidi ya moja zilikuwa zikiishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mtu anayelala hivyo akiamka hawezi kuwa na subira nyingi. Serikali na imtendee haki. Lakini umaskini wa askari haukumlazimisha kumwachilia mwenye gari jeupe na kumbeba mwenye vumbi. Huyo wa gari jeupe hakutoa hata ndururu.

Wengine watasema, "Askari hawezi kumkamata kila mtu. Lazima achague. Na pengine aonee mtu huruma." Hoja hii ni nzito, na imenisumbua kwa siku nyingi. Nikajiuliza, je, askari akiisimamisha matatu iliyokuwa ikienda mbio, akakuta ndani yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa, akairuhusu iende, huo ni upendeleo? Hata kidogo. Basi tofauti iko wapi? Nimeipata hivi: huruma hutazama jambo, upendeleo hutazama uso. Huruma inaweza kusemwa kwa sauti mbele ya watu wote: "Nimemwachilia kwa sababu kuna mgonjwa." Kesho akija mwingine mwenye mgonjwa, naye ataachiliwa. Upendeleo hauwezi kusemwa kwa sauti. Jaribu kusema, "Nimemwachilia kwa sababu namjua baba yake," uone kama hutaangalia chini.

Hasara yake ni kubwa kuliko wiki tano za binamu. Mwezi wa Agosti nyumba ya jirani yetu ilivunjwa, ikaibwa runinga na cherehani ambayo ndiyo iliyomlisha. Mtaa mzima ulikuwa na fununu ya walioiba. Hakuna aliyekwenda kituoni. Jirani mwenyewe alisema, "Nikaenda kule nikaulizwe mimi ni nani?" Wezi wale wangali mtaani. Ndiyo matokeo ya kukata mpapai na kuuzunguka mvule: siku ya kuukata mti wa sumu, hakuna atakayekuonyesha ulipo. Na sisi vijana tunajifunza somo baya. Hatujifunzi kuwa wasafi. Tunajifunza kutafuta mkubwa wa kumpigia simu.

Sasa nimefika pale nilipoahidi. Mwaka huu mimi ni kiranja wa bweni. Ilikuwa muhula wa pili, miezi miwili tu baada ya usiku ule wa karandinga. Taa zilikuwa zimezimwa na bweni lilikuwa linavuma kama mzinga. Mwalimu wa zamu alikuwa ameagiza majina ya wapiga kelele. Nikachukua tochi. Ndiyo, tochi. Kitanda cha kwanza alikuwa rafiki yangu wa kufa kuzikana, akisimulia mpira kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nikampita. Cha pili walikuwa wachezaji wawili wa timu ya shule wakibishana. Nikawapita, kesho yake walikuwa na mechi. Pale mwisho, karibu na mlango, palikuwa na watoto watatu wa kidato cha kwanza wakinong'ona. Mmoja alikuwa akimwomba mwenzake sehemu ya blanketi kwa sababu lake lilikuwa limeloa. Nikawaandika wote watatu.

Walitumwa nyumbani kuleta wazazi. Mama wa yule wa blanketi alitoka mbali, akatumia nauli ya kwenda na kurudi, na kijana akakosa mtihani wa mwezi. Aliporudi alinikuta kwenye mfereji. Akaniambia kwa adabu, "Kiranja, mimi niliongea, sikatai. Lakini kwani niliongea peke yangu?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilijiona nimevaa kofia ya askari. Hakuna aliyenipa hongo. Mshahara wangu si mdogo, kwa maana sina. Sikuishi nyumba ya pazia. Nilifanya vile kwa sababu ilikuwa rahisi: wadogo hawana wa kunilaumu, na marafiki ningekula nao kesho. Basi kama mimi, ambaye binamu yangu alikuwa amekwisha kubebwa, niliweza kufanya hivyo kwa tochi ya betri mbili, tusishangae mtu mzima mwenye bunduki akifanya. Askari wa miaka ijayo wamo katika mabweni haya haya. Pengine mmoja wao anasoma ukurasa huu.

Kwa wale watatu: nisameheni. Nilikwenda kwa mwalimu wa zamu nikamwambia ukweli wa usiku ule, na nashukuru kwamba alinisikiliza kabla ya kunipa adhabu yangu ya kufyeka nyasi nyuma ya maabara. Rafiki yangu alininunia wiki mbili. Nilivumilia.

Kwa wakubwa wa shule yetu, naomba mambo matatu kwa heshima na taadhima. Kwanza, orodha za viranja ziandikwe kosa, saa na mahali, si majina matupu. Jina tupu ni rahisi kuchagua. Pili, kila aliyeandikwa asikilizwe kabla ya kuadhibiwa, hata kama ni kwa dakika mbili. Tatu, msumeno upite kwetu viranja, upite kwa wachezaji wanaokosa kipindi cha jioni bila kuulizwa, na, mkiniwia radhi, upite kwa watoto wa walimu na wa wanabodi. Hatutaki adhabu ziongezwe. Tunataka zilingane.

Kwa wanafunzi wenzangu, likizo inakuja na karandinga zipo. Msikimbie, wala msijibizane na mwenye silaha. Uliza kwa upole umekamatwa kwa sababu gani. Mzazi akifika kituoni aulize kosa limeandikwa vipi katika kitabu cha matukio, ile OB, na apewe nambari yake. Akiambiwa alipie dhamana ya polisi, ajue haina bei. Na palipo na dhuluma kuna Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili kupokea malalamishi ya raia. Inawezekana isisaidie siku hiyo hiyo. Lakini dhuluma isiyoandikwa popote huhesabiwa kuwa haikutokea.

Na kama mna mjomba mkubwa wa kumpigia simu, sitawaambia msipige. Nani atakubali kulala ndani akiwa na njia ya kutoka? Nawaomba jambo moja tu. Mkishasimama, msiondoke kimya kama nilivyoondoka mimi. Semeni, "Na hawa je? Wamefanya nini?" Labda mtafukuzwa. Lakini swali litakuwa limeulizwa mbele ya watu, na upendeleo, kama nilivyosema, hauwezi kujibu kwa sauti.

Binamu amepata mjengo mwingine sasa. Likizo ya Agosti tulitumwa tena dukani usiku, na tulipokaribia ile kona akanitania, "Nikopeshe hiyo sweta yako kidogo, tukipita hapa." Tukacheka wote wawili, lakini kicheko changu kilikwama kooni. Sweta ningempa, tena kwa furaha. Ninachokitaka ni nchi ambayo hataihitaji, nchi ambayo mtu wa mjengo atapita na vumbi lake, akiwa na unga wake mkononi, na akisimamishwa ataulizwa alichofanya.

Utumishi kwa Wote. Waliotunga maneno hayo hawakuweka mabano mbele yake. Wote ni wote.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.